Kuomba Nafasi ya Udaktari katika Taaluma za Kigiriki na Kilatini kwa Aliyetoka Fani Nyingine

1. Utangulizi

Wahitimu wa isimu, historia, falsafa au sheria huuliza mara kwa mara kama wanaweza kuandika tasnifu ya udaktari juu ya Ugiriki na Roma ya kale bila kuwa na shahada ya kwanza katika taaluma hizo. Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa kuangalia hasa vyuo vikuu vya Marekani. Jibu letu kwa ufupi ni kwamba fani aliyotoka mwombaji haimfungii mlango. Kinachomfungia ni lugha.

2. Kizuizi chenyewe

Kwa kawaida idara hutazamia kwamba mwombaji amekwisha kusoma lugha moja kwa muda wa miaka mitatu hivi, na ya pili kwa miaka miwili. Sharti hili lina sababu. Mwanafunzi wa udaktari hufanya mitihani ya kufasiri Kigiriki na Kilatini kutokana na orodha ndefu ya waandishi, kama vile Homer, Sophocles, Thucydides, Cicero, Virgil na Tacitus. Juu ya hayo hudaiwa kusoma Kijerumani, pamoja na Kifaransa au Kiitaliano, kwa kuwa sehemu kubwa ya utafiti imeandikwa katika lugha hizo. Anayeingia akiwa bado anahangaika na minyambuliko ya vitenzi hutumia miaka yake ya utafiti kufanya kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Princeton kiliondoa sharti la Kigiriki au Kilatini kwa wanaochukua taaluma hizo katika shahada ya kwanza. Uamuzi huo usieleweke vibaya: ulihusu shahada ya kwanza, wala haukuwaondolea watahiniwa wa udaktari haja ya kuzisoma lugha hizo.

3. Njia za kujaza pengo

Njia ya kwanza ni masomo ya maandalizi baada ya shahada ya kwanza, kama yale yaliyotolewa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kile cha California mjini Los Angeles. Huchukua mwaka mmoja au miwili, na mara nyingi mwanafunzi hujilipia mwenyewe. Njia ya pili ni shahada ya uzamili inayokazia lugha. Njia ya tatu ni kozi za haraka za kiangazi. Kozi ya namna hii iliyoanzishwa New York mwaka 1973 hufundisha kwa majuma kumi mambo ambayo kozi ya kawaida huyagawa katika miaka miwili au zaidi. Lakini kilichopatikana kwa majuma kumi hupotea upesi kisiposomwa kila siku.

Msomaji wa Kongo haanzi mikono mitupu. Kifaransa anacho tayari. Aliyepitia sehemu ya Kilatini na falsafa katika shule ya sekondari, au aliyesoma seminari, ana msingi wa Kilatini unaohitaji kufufuliwa tu. Kwa hiyo nguvu zake azielekeze kwanza kwenye Kigiriki. Hata hivyo, anayejisomea peke yake hana ushahidi wa kuonyesha. Hana budi kumtafuta mwalimu, awe padri au mhadhiri, atakayesoma naye matini kwa muda mrefu na kisha kushuhudia kwa barua kiwango alichofikia.

4. Faili la maombi

Insha ya mfano ndiyo inayosomwa kwa jicho kali. Insha nzuri ya sosholojia au ya sheria haitoshi. Kamati inataka kuona hoja iliyojengwa juu ya matini ya Kigiriki au Kilatini yenyewe, wala si juu ya tafsiri.

Hata hivyo mwombaji asiifiche fani yake ya zamani, bali ailetee swali lisiloweza kujibiwa bila lugha za kale. Tuchukue mfano wa mwanaisimu wa Kiswahili. Periplus ya Bahari ya Eritrea, iliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, inataja bandari ya Rhapta katika pwani ya Azania, na kueleza kwamba jina hilo limetokana na mashua zilizoshonwa. Anayejua habari za mitepe ya pwani ya Waswahili ana la kuuliza hapo, mradi aweze kulisoma neno lenyewe katika matini. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi, alitoa mfano wa kazi ya aina hii: katika kitabu chake cha mwaka 1994, The Idea of Africa, alizichunguza habari za Afrika katika maandishi ya Wagiriki.

5. Gharama na hatari yake

Nchini Marekani anayekubaliwa katika udaktari kwa kawaida husamehewa karo na hupewa posho kwa miaka mitano hivi, naye hufundisha. Ndiyo maana nafasi ni chache. Uingereza udaktari huchukua miaka mitatu au minne, hutanguliwa na uzamili, na fedha hushindaniwa kando. Hatari kubwa basi imo katika kipindi cha maandalizi, ambacho mara nyingi hakina mfadhili. Aidha, kazi za kufundisha taaluma hizi ni chache hata kwa waliohitimu. Si busara kukopa kwa ajili ya kipindi hicho kabla ya kujipima nyumbani kwa gharama ndogo.

6. Hitimisho

Kipimo ni rahisi kukitaja. Baada ya miaka miwili ya kujifunza, mwombaji achukue ukurasa wa Xenophon na ukurasa wa Caesar ambao hajapata kuuona, aufasiri kila mmoja mbele ya mwalimu. Akiweza, na aombe. Asipoweza, aongeze mwaka wa kusoma. Mwaka huo una faida kuliko mitano ya kuyumba.