Je, Wajua? Kipande cha Msitu wa Kongo Kilichobaki Kakamega

Mtu wa Butere akikwambia anakwenda Kakamega, mara nyingi anafuata benki, hospitali ya rufaa au muhuri wa ofisi ya kaunti. Akimaliza shughuli anapanda matatu ya kurudi. Mbele kidogo ya mji huo, upande wa Shinyalu, upo msitu ambao watu hukata tiketi ya ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuutazama. Sisi majirani tuliusoma darasani, tukaujibia mtihani, tukaishia hapo. Haya ni baadhi ya mambo ambayo mwalimu hakupata muda wa kutueleza.

Je, wajua kwamba msitu wa Kakamega ulimegeka kutoka msitu mkubwa wa Kongo? Zamani sana, hali ya hewa ilipokuwa na unyevu kuliko leo, msitu wa mvua wa Afrika ya kati ulitanda kupitia Uganda hadi kwenye miinuko ya Nandi. Nchi ikakauka, na baadaye watu wakafyeka mashamba, msitu ukakatikakatika. Kakamega ni kipande cha mwisho upande wa mashariki, na ndio msitu pekee wa aina hiyo uliosalia Kenya. Ndiyo maana miti, ndege na nyoka wake wengi wana jamaa zaidi Kinshasa na Kisangani kuliko Nyeri au Kwale.

Ila bonde la Kongo ni tambarare ya joto, na Kakamega iko kati ya mita 1,500 na 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku baridi huuma. Kwa hiyo mimea ya mabondeni imejikuta ikiishi na mimea ya milimani, kitu ambacho si cha kawaida. Utaona mutere, mti wa misitu ya joto, umesimama hatua chache kutoka kwa mwiritsa, mti ambao kwao ni milima kama Elgon na Kenya.

Na huyo mwiritsa ana habari yake. Je, wajua kwamba ni ndugu wa pichi? Wanasayansi huuita Prunus africana, na uko kwenye ukoo mmoja na pichi, plamu na lozi. Pichi asili yake ni China. Katika milima ya kaskazini mwa nchi hiyo, hata iliyo karibu na Beijing, kuna pichi za mwituni zinazochanua baridi inapoanza kulegea, kabla tawi halijaota jani hata moja. Miti ya huko hupukutisha majani yote, ikasimama mitupu kwa miezi kadhaa ikingoja baridi iishe. Mwiritsa haujui shida hiyo, una majani mwaka mzima. Lakini chuma jani lake moja, ulifikiche kwa vidole, ulinuse: harufu ya lozi chungu itakwambia ni wa ukoo gani. Harufu hiyo huandamana na sumu ya sianidi, kwa hiyo nusa tu, usitafune.

Magome ya mwiritsa ndiyo yaliyouletea balaa. Wazee wa huku waliyatumia kama dawa tangu zamani, na viwanda vya Ulaya vilipogundua kwamba yanasaidia wanaume wenye tezi dume iliyovimba, biashara ikawa kubwa. Mtu akibandua gome upande mmoja, mti hupona. Akilichuna kuzunguka shina zima, mara nyingi hufa. Wachunaji wengi katika nchi mbalimbali za Afrika walikuwa na haraka. Tangu mwaka 1995 mwiritsa umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, na magome yake hayavuki mpaka kihalali bila kibali.

Je, wajua kwamba kuna ndege ambaye mke hujifungia ndani ya mti kwa miezi? Ni hondohondo, yule mweusi na mweupe mwenye pembe kubwa juu ya mdomo. Akiruka, utamsikia kabla hujamwona, mbawa zake zikivuma kwa nguvu. Wakati wa kutaga ukifika, jike huingia kwenye tundu la mti mkubwa. Dume huleta madonge ya udongo, na jike huyapachika mlangoni mpaka ubakie ufa mwembamba unaotosha ncha ya mdomo. Humo ndani hutaga, huatamia na kulea, na kwa muda wote huo, miezi mitatu na zaidi, dume ndiye anayeleta chakula. Hufika amebeba matunda kooni, akayatoa moja baada ya jingine na kuyapitisha kwenye ufa. Akipatwa na jambo, familia nzima iko mashakani. Mwenye kukata mti mkubwa wenye tundu hajakata mbao tu, amebomoa nyumba ambayo ndege huyu hawezi kujijengea, maana hondohondo hana uwezo wa kutoboa shina.

Kuna pia shorobo buluu mkubwa, urefu wa karibu sentimita 75, mzembe wa kuruka lakini hodari wa kukimbia juu ya matawi. Binafsi ninampenda zaidi binamu yake mdogo, shorobo mwenye mwili wa zambarau na uso wa manjano, ambaye akifunua mbawa huonyesha wekundu mkali. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake! Rangi hiyo haipatikani kwa ndege wa familia nyingine yoyote duniani, na ukiutia unyoya wake kwenye maji ya sabuni, rangi huchuja kama kitenge kipya.

Kasuku wa kijivu alikuwa sauti ya kila siku msituni humu. Leo ni bahati kumwona. Biashara ya kuwafuga vizimbani iliwamaliza sehemu nyingi za Afrika, na mwaka 2016 nchi za CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wa porini.

Je, wajua kwamba kima wa Isecheno, ndani ya msitu huu, wana kumbukumbu zilizoandikwa zaidi kuliko koo nyingi za watu? Mtafiti Marina Cords alianza kuwafuatilia mwaka 1979, na kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya miaka 40. Kima mmoja mmoja hutambuliwa kwa sura na kupewa jina, na inajulikana nani ni bintiye nani na nyanya yake alikuwa yupi. Matokeo yake yanafurahisha kwa sisi tuliozoea boma kuwa la baba. Jike wa kima huzaliwa, huzeeka na kufa katika kundi la mama yake. Wanaohama ni madume, wakishabalehe. Kundi huwa na dume mkazi mmoja, lakini mpaka wa eneo hulindwa hasa na majike na watoto wao. Kundi jirani likisogea kwenye mti wenye matunda, akina mama ndio hutangulia kupiga kelele na kufukuzana. Msimu wa kupandana ukifika, miaka mingine madume wa nje humiminika, na yule mkazi hubaki akihangaika huku na huku.

Kisere, kipande kidogo kilichojitenga kaskazini mwa msitu, kina kima wa aina nyingine, mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya machungwa, anayeitwa De Brazza. Akihisi hatari hatoroki. Hukaa kimya bila kutikisika mpaka umpite. Usiku nao una wenyewe: poto, mnyama wa jamii ya komba asiye na haraka hata kidogo, ambaye mifupa ya uti wa shingo yake imechomoza kama ngao, na popo kichwa-nyundo, popo mkubwa kuliko wote katika bara la Afrika. Dume la popo huyu, mbawa zikinyooshwa, hukaribia mita moja. Madume hujipanga mitini usiku wakipiga honi, na majike hupita wakisikiliza na kuchagua.

Siafu kila mtu wa huku anawajua. Tumewakimbia tangu utotoni. Je, wajua kwamba kuna ndege wanaoishi kwa kuwafuata? Msafara wa siafu ukipita chini ya majani, panzi, mende na buibui hutimka kuokoa maisha, na ndege hao huwa wameshatangulia mbele kuwadaka. Siafu wenyewe hawaliwi. Pale ambapo msitu umekatwa vipande vidogo mno, misafara hupungua, na ndege hao hukosa riziki.

Je, wajua kwamba ardhi hii iliwahi kutifuliwa kwa ajili ya dhahabu? Mwaka 1931 Mmarekani aitwaye L. A. Johnson alipata dhahabu karibu na Kakamega, na wazungu walioumizwa na mdororo wa uchumi wa dunia wakafurika na sururu zao. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi za Waafrika kwa haraka ya ajabu, ili eneo lenye madini liweze kutwaliwa bila wenyewe kupewa ardhi nyingine. Ahadi ya sheria hiyo kwamba ardhi hizo zingekuwa za wenyeji daima haikuwa imemaliza hata miaka mitatu. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Kwenye kilima cha Lirhanda bado lipo handaki la wachimbaji, na wapangaji wake sasa ni popo.

Msitu wenyewe ulitangazwa rasmi mwaka 1933. Upande wa kaskazini, Buyangu, ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985 chini ya idara ya wanyamapori, na kusini kukabaki mikononi mwa idara ya misitu. Eneo lote ni kama kilomita mraba 240, lakini ukiondoa miti ya kupandwa, majani chai na sehemu zilizofyekwa, msitu wa asili haufiki nusu. Mwaka 2010 Kenya iliuingiza kwenye orodha ya maeneo inayotaka yawe Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Na mukombero? Mizizi ile inayouzwa kwa mafungu stendi za matatu, yenye harufu kama ya vanila, sifa zake tunazijua na wanaume huzitaja kwa kicheko. Wachache hujiuliza inatoka wapi. Kwa miaka mingi ilichimbwa msituni, na mmea ukichimbwa mzizi kovu lake halifunikwi upesi. Leo wapo wakulima wanaoupanda shambani, na hilo ndilo la kuigwa. Kundi la wakulima la Muliru, linalopakana na msitu, lilichukua njia kama hiyo kwa mmea wa jamii ya kivumbasi: hulimwa, hukamuliwa mafuta, na hutengenezwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub, ya mafua na kuumwa na wadudu. Mwaka 2010 kundi hilo lilishinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Jambo moja linatuhusu watu wa Butere moja kwa moja. Mto Yala hutoka Nandi, hupenya upande wa kusini wa msitu huu, kisha hupita kusini mwa Butere ukielekea ziwani. Mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka huangukia msitu huo, na mizizi yake hupunguza kasi ya maji kabla hayajaufikia mto. Kinachofanyika Isecheno hutufikia kwa maji.

Basi nendeni mkaone. Chukua matatu hadi Kakamega, nyingine hadi Shinyalu, kisha bodaboda hadi Isecheno, ambako waongozaji ni vijana wa hapohapo wanaojua ndege kwa sauti na miti kwa majina ya Kiluhya. Jitahidi ufike mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali na ndege hawajanyamaza. Vaa viatu vya kufunika mguu kwa sababu ya siafu, na ubebe koti la mvua, maana mvua ya huko hupenda kunyesha alasiri.