Kabalagala, Ndizi na Matunda ya Uani

Mtu atokaye katikati ya jiji la Kampala akishika njia iendayo Ggaba hupita Nsambya, palipo na kambi ya polisi, kisha hufika Kabalagala, chini ya kilima cha Muyenga. Mtaa huu unajulikana mbali kwa taa zake na pilikapilika zake za usiku. Lakini neno kabalagala lina maana nyingine iliyo tamu zaidi: ndilo jina la andazi dogo la duara, rangi ya kahawia, litengenezwalo kwa ndizi mbivu na unga wa muhogo. Watoto wa shule hulila njiani, askari atokaye zamu hulitafuna kwa chai, na wapo akina mama wanaopata ada za shule kwa kulikaanga kando ya barabara.

Andazi hilo halitengenezwi kwa ndizi yoyote tu. Hutakiwa ile ndogo, yenye ganda jembamba, ambayo Waganda huiita ndiizi. Hapo ndipo jambo kubwa linapojitokeza. Nchini Uganda neno "ndizi" peke yake halitoshi. Mwenye kwenda sokoni ni lazima aseme ndizi ipi na ya kazi gani, la sivyo atarudi nyumbani na mzigo usiofaa.

NDIZI NI UKOO, SI TUNDA MOJA

Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, nao ulifika Afrika zamani sana. Katika nchi zilizozunguka maziwa makuu ulipata makao mapya, ukazaa aina ambazo hazipatikani kwingineko duniani. Masimulizi ya Waganda husema kwamba Kintu, mtu wa kwanza, ndiye aliyekuja na mgomba. Wataalamu wa kilimo nao huzigawa ndizi hizi za nyanda za juu katika makundi matano: nne ni za kupika, na la tano, mbidde, ni la kutengenezea togwa na pombe.

Ndizi ya kupika ndiyo matooke. Humenywa ikiwa mbichi, hufungwa kwa majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke, kisha hupondwa ikiwa ndani ya majani yale yale. Miongoni mwa matooke kuna mpologoma, maana yake simba, yenye mkungu mkubwa. Kuna kibuzi na mbwazirume. Na kuna nakitembe, yenye heshima ya pekee katika mila za Buganda. Mbali na hizo kuna gonja, ndefu na ngumu, ambayo huchomwa juu ya makaa hadi ganda la nje la nyama yake likawa la dhahabu. Kuna bogoya, ndizi nene ya kuliwa mbivu. Kuna kayinja, ikamuliwayo maji yake kwa majani makavu, na maji hayo yakichanganywa na mtama na kuachwa yachachuke huwa tonto.

Hivyo mgomba mmoja ni jiko, ghala na duka. Majani yake ni sufuria, sahani na mwavuli. Magamba yake ni kamba. Maganda ya ndizi ni chakula cha mbuzi. Wahenga walisema: mgomba haushindwi na mkungu wake. Lakini siku hizi yapo mambo mengine yanayoushinda.

ADUI ALIYEINGIA MWAKA 2001

Mwaka 2001 ulionekana katika wilaya ya Mukono, mashariki ya Kampala, ugonjwa wa mnyauko wa migomba uletwao na bakteria. Ugonjwa huu ulikuwa umejulikana tangu mwaka 1968 huko Ethiopia, katika mmea wa jamii ya mgomba. Kutoka Mukono ulisambaa katika wilaya nyingi za Uganda, na nchi jirani nazo hazikusalimika. Hauna dawa. Mkulima aliyekuwa na shamba la kulisha watoto wake na kuuza ziada aliweza kubaki na vigogo vinavyooza.

Dalili zake zaonekana kwa macho. Majani hugeuka manjano na kunyauka. Ua jekundu lining'inialo mwishoni mwa mkungu husinyaa. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, nyingine zikiwa bado mbichi katika mkungu huo huo. Ukizikata, nyama ya ndani ina madoa ya kahawia. Ukikata shina, hutoka usaha wa rangi ya manjano hafifu.

Yafaa kila mwenye mgomba uani ajue njia tatu zinazoupitisha ugonjwa huu. Ya kwanza ni wadudu wanaotembelea ua la mgomba. Ya pili ni panga na kisu kilichokata mgomba mgonjwa, kisha kikakata mzima. Ya tatu ni machipukizi yatolewayo shamba lenye ugonjwa na kupandwa penginepo. Kwa hiyo kinga nayo ni tatu. Mara chane ya mwisho inapokamilika, ua livunjwe kwa kijiti chenye panda, wala lisikatwe kwa kisu. Panga liunguzwe motoni au lioshwe kwa dawa ya kung'arishia nguo kabla ya kuhamia shina jingine. Machipukizi yachukuliwe mahali panapojulikana kuwa salama. Shina lililokwisha kuugua likatwe mapema, na panga lisafishwe papo hapo.

Hapa ndipo desturi njema inapoweza kuleta madhara. Jirani akuazimaye panga bila kulisafisha, au ndugu akuleteaye chipukizi kama zawadi kutoka kijijini, aweza kukuletea msiba bila kukusudia. Kumuuliza hali ya shamba lake si kumvunjia heshima. Ni kulinda chakula cha nyumba zote mbili.

Wapo maadui wengine. Kuna kuvu wa udongoni anyaushaye ndiizi na bogoya, naye hukaa ardhini miaka mingi. Kuna fukusi wa migomba achimbaye kiazi chake. Kwa fukusi kuna dawa nyepesi: kiazi cha chipukizi humenywa mpaka kionekane cheupe, kisha huchovywa katika maji yanayochemka kwa muda wa sekunde 30 tu, ndipo hupandwa. Aidha, watafiti wa Kawanda, kaskazini ya Kampala, wamezalisha aina mpya zenye kustahimili baadhi ya maadui. Mojawapo, iitwayo Kiwangaazi, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2010.

JINSI YA KUPANDA MGOMBA

Shimo lichimbwe la kina cha sentimita 60, na kutoka shimo hadi shimo ziwe mita 3. Udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Mgomba ukishakua, yaachwe mashina matatu tu katika kila shina la asili: mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi yaliyozidi yaondolewe, kwa maana wengi wakila sahani moja hakuna ashibaye. Majani makavu yatandazwe chini ili kuhifadhi unyevu.

ASKARI NA UHAMISHO

Katika nyumba za kambini husikika mara nyingi maneno haya: "Nipande mti kwa ajili ya nani, nami nitahamishwa?" Swali hilo si la kupuuzwa. Askari hana hakika ya mwaka ujao, na mkewe hataki kutoa jasho lake kisha aache matunda yaliwe na mgeni. Lakini matunda si ya umri mmoja, na mwenye kuchagua vizuri hula kabla ya barua ya uhamisho kufika.

Mpapai ukitunzwa huweza kuzaa kabla ya mwaka kutimia au punde baada yake. Mpasheni hauhitaji uwanja. Huridhika na uzio au waya, nao huzaa kwa muda kama huo. Mgomba hutoa mkungu wa kwanza kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Nanasi, ambalo Kayunga na Luweero hulilima kwa wingi, huweza kupandwa hata katika gunia la udongo. Hayo ndiyo matunda ya mtu wa safari.

Mwembe na mparachichi wa kuunganishwa hutaka kama miaka mitatu au zaidi; uliooteshwa kwa kokwa huchelewa zaidi. Mfenesi nao hutaka subira. Hiyo ni miti ya mtu mwenye makazi, au ya mtu mwenye moyo mpana. Na ni vema kukumbuka kwamba familia ihamiayo kituo kipya mara nyingi hukuta mwembe wenye kivuli mlangoni. Aliyeupanda hajulikani, lakini watoto hula embe zake. Kupanda mwingine kabla ya kuondoka ni kulipa deni hilo.

MATUNDA MENGINE NA ADABU ZAKE

Fenesi, liitwalo fene kwa Kiganda, lina utomvu unatao kama gundi. Kisu na viganja vipakwe mafuta ya kupikia kwanza, na kazi itakuwa nyepesi. Kokwa zake zisitupwe; zikichemshwa au kuchomwa ni chakula cha kushibisha. Mpafu, tunda dogo jeusi la mti mkubwa wa msituni, hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu. Mwenye haraka akilichemsha hulifanya gumu. Huko Teso machungwa na maembe yamekuwa mengi hata kikajengwa kiwanda cha matunda mjini Soroti, kilichozinduliwa mwaka 2019.

Mama mwenye kulisha watoto azingatie pia rangi. Papai na embe, kwa unjano wao, hutoa vitamini A ilindayo macho. Pera, ambalo watu wengi hulidharau kwa kuwa huokotwa bure, lina vitamini C kuliko chungwa. Matunda ya namna hiyo yakiliwa pamoja na maharage, mwili hupokea vizuri zaidi madini ya chuma. Na matooke, pamoja na utamu wake, hayatoshi peke yake. Yataka maharage, karanga, samaki au nyama kando yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku.

KUKAANGA KABALAGALA NYUMBANI

Chukua ndiizi zilizoiva sana, hata zenye madoa meusi ambazo watoto wamezikataa. Zimenye na kuziponda mpaka zilainike kabisa. Usitie maji, maji ya ndizi yatosha. Ongeza unga wa muhogo uliochungwa, kidogo kidogo, huku ukikanda, mpaka donge lisishike mkononi. Wengine hutia chembe ya pilipili. Sukuma donge liwe na unene wa kidole, kata maduara kwa mdomo wa bilauri, kisha kaanga katika mafuta ya moto wa wastani. Moto ukizidi, nje huungua na ndani hubaki pabichi. Yageuze yawe ya kahawia pande zote, uyatoe na kuyachuja mafuta.

Ndizi ambazo zingetupwa jioni huwa kifungua kinywa cha asubuhi, na mabaki yake huweza kuuzwa. Shina moja la ndiizi nyuma ya nyumba, lenye kulindwa dhidi ya panga chafu, latosha kuianza kazi hiyo.