Kinachokata Konrodi

Kabla ya kuitwa Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika iliitwa Graf von Goetzen. Ilifika Kigoma kutoka Papenburg, Ujerumani, ikiwa vipande ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikaungwa na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wao waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa mvuke uleule, ikaendelea nao hadi miaka ya 1970.

Injini ile ya mvuke nayo ilikuwa na konrodi, yaani mkono unaopokea mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka na kuufanya mzunguko wa krenkishafti. Ilikuwa mikono mizito ya chuma, lakini ilizunguka taratibu. Kijana wa Rusimbi, mjini Kigoma, anayefungua injini ya Altezza au Subaru ili aifunge upya iwe na nguvu zaidi ana konrodi nyepesi mno, na anataka izunguke mara 7,000 kwa dakika. Matatizo yake yote yanaanzia kwenye kasi hiyo.

Wengi hudhani konrodi huvunjwa na mlipuko wa mafuta unaoisukuma chini. Mlipuko unaikandamiza, na chuma huvumilia sana kukandamizwa. Kinachoiua mara nyingi ni kuvutwa. Pistoni ikifika juu kabisa lazima isimame kisha irudi chini, na anayeivuta irudi ni konrodi. Wakati wa kutoa moshi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu juu ya pistoni hakuna shinikizo la kusaidia kuisukuma.

Chukua injini ya Toyota 2JZ, yenye mwendo wa pistoni wa milimita 86 na konrodi ya milimita 142. Tuseme pistoni, pini, ringi na sehemu ya juu ya konrodi vina uzito wa gramu 600 kwa pamoja. Kwenye mizunguko 7,000, nguvu ya kuvuta inapita uzito wa tani 1.8. Kwenye mizunguko 3,500 ni robo tu ya hapo, kama kilo 460, maana kasi ikiongezeka mara mbili, mvuto huongezeka mara nne. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi makini kwa mwenye gari si "unataka farasi wangapi?" bali "utaizungusha hadi ngapi?"

Mzigo huo wote unashikwa na bolti mbili ndogo zinazofunga kifuniko cha chini. Bolti ikilegea kidogo tu, kifuniko hufunguka na kujifunga katika kila mzunguko, beringi inasagika, kisha siku moja konrodi inatoboa bloku na oili inamwagika barabarani. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye bolti mpya za chuma bora, kama zile za ARP. Bolti za kiwandani zilizokwisha kuvutika zisirudishwe kwa sababu tu bado zinang'aa.

Kukaza nako ni kazi ya vipimo. Spana ya kupimia nguvu hudanganywa na msuguano wa nyuzi na oili iliyopakwa. Njia ya kuaminika zaidi ni kupima bolti imerefuka kiasi gani inapokazwa, kwa kufuata kiwango cha mtengenezaji wake. Urefu huo ni sehemu ndogo tu ya milimita, hivyo fundi asiye na kifaa cha kupimia anabahatisha. Bolti mpya zikishaingia, tundu kubwa la konrodi lipimwe tena, maana mkazo mpya unaweza kulibadilisha umbo. Nafasi ya oili kati ya beringi na krenkishafti kwa kawaida hukaribia sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha pini ya krenkishafti. Pini hiyo ikiwa ya milimita 52 huhitaji kama milimita 0.05.

Je, konrodi zilizofuliwa kwa chuma cha 4340 ni lazima? Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Injini isiyo na turbo, inayobaki ndani ya mizunguko iliyopangiwa na kiwanda, mara nyingi haihitaji chochote zaidi ya konrodi zake zenyewe zilizopimwa unyoofu, kusawazishwa uzito na kufungwa bolti mpya. Turbo ikiingia, hesabu inabadilika. 2JZ-GE ya VVT-i, inayopatikana kwenye baadhi ya Crown, ina konrodi nyembamba kuliko za ndugu yake 2JZ-GTE, na anayeifungia turbo kwa kuamini sifa za jina "2JZ" anajitafutia hasara. Huyo anunue hizo za 4340. Umbo la konrodi, liwe la H au la I, lisimsumbue sana. Ubora wa chuma, bolti na usahihi wa kukata vina uzito zaidi kuliko herufi.

Uimara kuliko nguvu una mfano wa zamani: Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Injini yake ya B18 ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,778 tu, lakini krenkishafti yake ilishikiliwa na beringi kuu tano, na ilikuwa imara. Katika mashindano ya maelfu ya kilomita za vumbi na matope, uimara huo ulikuwa na thamani kuliko farasi wachache wa ziada.

Kigoma kuna hatari nyingine, hasa mvua za Novemba hadi Aprili. Gari likipita kwenye maji yaliyotuama na injini ikayavuta kupitia chujio la hewa, maji hayo hayabanwi, hivyo konrodi hupinda. Injini huweza kuwaka tena baada ya kukaushwa, ikaendeshwa kwa wiki kadhaa na konrodi iliyopinda kidogo. Anayenunua injini ya mtumba kwa ajili ya kuijenga upya azingatie hilo: aitoe kila konrodi, aipeleke kwenye karakana yenye kifaa cha kupimia unyoofu, na alinganishe jinsi kila pistoni inavyofika juu ya silinda. Moja ikiishia chini kuliko wenzake, konrodi yake isirudi ndani.