Mwanga katika Chakula cha Vimelea vya Kifua Kikuu

Makohozi ya mgonjwa wa kata ya Nkende, wilayani Tarime, yanapopelekwa kuoteshwa maabara, jibu husubiriwa kwa wiki kadhaa, kwa kuwa Mycobacterium tuberculosis hugawanyika mara moja tu katika saa 20 hivi. Muda huo wote kimelea hutegemea chakula kilichomo katika sahani. Chakula hicho kikiharibiwa na mwanga, jibu linaweza kusomeka kuwa hakuna vimelea ilhali mgonjwa anavyo. Katika wilaya yenye machimbo ya dhahabu, ambako vumbi la silika huongeza hatari ya kifua kikuu, kosa hilo si dogo.

Mionzi haihitaji kumgusa mdudu ili imdhuru. Mwaka 1947, Stone, Wyss na Haas waliumulika mchuzi wa kuoteshea kwa miale ya urujuanimno kabla ya kuutia bakteria aina ya Staphylococcus aureus. Mabadiliko ya kurithi yakaongezeka, ukiwemo usugu dhidi ya penisilini. Ushahidi ulielekea kwenye haidrojeni peroksidi iliyozalishwa ndani ya mchuzi.

Hata mwanga wa kawaida huweza kuizalisha: raiboflavini, yaani vitamini B2, hufyonza mwanga na kuihamishia oksijeni nguvu hiyo. Peroksidi huvuruga vimeng'enya vyenye madini ya chuma na kujeruhi DNA. Hapo umetaboli hugeuza mwelekeo. Nguvu iliyokusudiwa ukuaji hutumika katika kujilinda na kukarabati. Chakula cha Middlebrook, kinachotumika sana kwa kifua kikuu, kina hatari ya ziada: mwanga mkali au joto lililozidi hukifanya kitoe fomaldehaidi, ambayo hunasa protini na kuzuia ukuaji.

Ndiyo sababu chakula hicho huongezwa katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi. Kimelea cha kawaida kina katalesi yake. Lakini baadhi ya vimelea sugu kwa isoniazidi vimeipoteza, kwani katalesi hiyohiyo ndiyo inayoiamsha dawa. Kwa hiyo chakula kilichoachwa dirishani huweza kuwanyima ukuaji hasa wale tunaowatafuta.

Sahani zihifadhiwe gizani, ndani ya jokofu, na zisiachwe mezani juani. Tena kipimo cha ubora kisitegemee kimelea imara pekee: chenye katalesi timamu kinaweza kustawi katika chakula ambacho kimelea sugu kingeshindwa kuota.