Punda si ng'ombe: ushauri kwa wafugaji wa Kimilili msimu wa mavuno

Mahindi yanapokauka mashambani Kimilili, punda ndiye anayefanya kazi zaidi. Magunia hutolewa Kibingei, Maeni na Kamukuywa kwa mkokoteni hadi barabarani, kisha sokoni au kwenye mashine ya kusaga. Nyumbani nako uchambuzi unaendelea: mahindi mazuri yanaingia ghalani, yaliyooza yanawekwa kando. Jioni punda akirudi amechoka, mara nyingi yale yaliyowekwa kando ndiyo anayopewa, na mwenyewe huona amemtendea wema. Mlo huo unaweza kumuua.

Wakazi wengi wanaijua aflatoksini, hasa tangu mwaka 2004 ilipoua zaidi ya watu 100 Ukambani. Lakini punda ana adui mwingine ndani ya hindi bovu. Ni sumu iitwayo fumonisini, inayotolewa na kuvu aina ya fuzariamu. Huu ndio ukungu mweupe, wakati mwingine wenye rangi ya waridi, unaoonekana kwenye hindi lililonyeshewa likiwa shambani au lililotobolewa na wadudu. Watafiti wa Afrika Kusini waliitambua sumu hiyo mwaka 1988. Ng'ombe anaweza kula mahindi yenye kiasi fulani cha fumonisini na asionyeshe lolote. Kwa punda na farasi, kiasi hicho hicho huharibu ubongo.

Dalili hazitokei siku hiyo. Zinaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki chache, ndiyo maana wafugaji wengi hawaunganishi kifo cha punda na mahindi aliyokula. Punda huanza kwa kukataa chakula. Baadaye huyumba, huzunguka mahali pamoja, hugonga vitu kama asiyeona, au husimama akisukuma kichwa ukutani. Akishafika hapo, mara nyingi hufa ndani ya siku mbili tatu. Ugonjwa huu hauna dawa. Kuanika mahindi baada ya kuoza hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia, na kuyachemsha hakusaidii. Pumba na chenga za mahindi hayo ni mbaya zaidi, kwa sababu sumu hukusanyika kwa wingi kwenye ganda na punje zilizovunjika.

Kinga iko shambani na ghalani. Mahindi yavunwe mapema yakishakomaa, yasiachwe yakanyeshewe, yaanikwe juu ya turubai badala ya udongo, na yahifadhiwe unyevu wake ukiwa umeshuka hadi asilimia 13.5 au chini. Yaliyooza yafukiwe au yachomwe. Inauma kuchoma kilichotoka shambani kwa jasho, lakini gunia la mahindi mabovu haliwezi kulinganishwa na bei ya punda.

Tahadhari moja hapa ni ya binadamu. Punda anayeyumba, anayetokwa na mate au aliyebadilika ghafla tabia anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa, na kwa macho tu si rahisi kutofautisha magonjwa hayo mawili. Mtu asiingize mkono mdomoni mwa punda huyo kutafuta kilichomkwama. Afungiwe mahali pa peke yake, watoto wawekwe mbali, na afisa wa mifugo aitwe. Aliyekwisha kuumwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Tumbo linavyofanya kazi

Ng'ombe ana tumbo lenye sehemu nne na hucheua. Chakula kibovu au kigumu hukutana kwanza na mamilioni ya vijidudu vinavyokivunja kabla hakijaenda mbali. Punda hana utaratibu huo. Tumbo lake ni moja, tena dogo, na vijidudu vyake viko nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana. Tena hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia.

Ndiyo maana punda ameumbwa kula kidogo kidogo mchana kutwa, na chakula chake kiwe chenye nyuzi nyingi: nyasi kavu, mabua ya mahindi yaliyo safi, majani ya malisho. Punda wa kilo 150 anahitaji takribani kilo 3 za chakula kikavu kwa siku, na anayefanya kazi nzito anahitaji zaidi kidogo. Nyasi mbichi zina maji mengi, kwa hiyo kilo 3 hizo ni sawa na kilo 12 au zaidi za nyasi zilizokatwa asubuhi hiyo. Nepia iliyokomaa sana ikatwe vipande vifupi. Maganda ya viazi na ndizi si dhambi yakiwa machache, lakini mifuko ya plastiki inayookotwa pamoja nayo sokoni huziba utumbo, na punda wa mjini Kimilili wanaoachwa wajitafutie chakula kwenye taka wako katika hatari hiyo kila siku.

Mahindi mazuri nayo yana mipaka. Punda akila nafaka nyingi kwa mara moja, wanga unaobaki bila kumeng'enywa hufika kwenye utumbo mpana na kuchacha. Matokeo yake ni msokoto wa tumbo, au ugonjwa wa kwato ambapo nyama laini iliyo ndani ya ukwato huvimba na punda hawezi kukanyaga. Punda aliyefungua ghala usiku akala alivyopenda ni mgonjwa wa dharura hata kama asubuhi anaonekana mzima.

Kinyume chake pia ni hatari, na hili ndilo wengi hawalijui. Punda, hasa mnene au mwenye mimba, akikaa siku nzima bila kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi hadi damu ikajaa mafuta na ini likashindwa kazi. Kwa hiyo punda aliyekataa chakula asisubiriwe "apumzike kwanza". Kanuni hizi zinawahusu pia farasi, na wale farasi wadogo wanaofugwa kwa mapambo au kwa kubeba watoto kwenye sherehe ndio walio karibu zaidi na punda kwa jambo hili: hunenepa upesi, kwato zao huharibika kwa nafaka, na njaa ya ghafla huwapeleka kaburini.

Maji ni lita 10 hadi 25 kwa siku, kutegemea jua na kazi. Punda ni mchaguzi wa maji. Ndoo iliyobeba mafuta au maji ya sabuni ataiacha hata kama ana kiu, na mwenyewe atadhani hana haja. Anyweshwe kabla ya kufungwa mkokoteni, njiani, na anapofunguliwa. Jiwe la chumvi lililo wazi zizini linatosha kwa madini ya kawaida, mradi si lile la ng'ombe lililochanganywa na yurea.

Dukani

Makosa mengine huanzia kwenye duka la agroveti. Baadhi ya vyakula vya kuku na vya ng'ombe huchanganywa na dawa iitwayo monensini. Kwa kuku inazuia ugonjwa wa kuharisha damu, na kwa ng'ombe husaidia chakula kumeng'enywa vizuri. Misuli ya moyo wa farasi na punda haiwezi kuihimili. Farasi hufa kwa takribani sehemu moja ya kumi ya kiasi kinachoua ng'ombe. Mfugaji anayemtupia punda mabaki ya chakula cha kuku kwa sababu yamebaki chini ya gunia anacheza na moyo wa mnyama huyo, na mwenye duka anapoulizwa ana wajibu wa kusoma lebo badala ya kusema "hii ni ya mifugo yote".

Dawa ya kupe ni mtego wa pili. Katika maboma mengi ya Bungoma bomba la kunyunyizia ng'ombe huwa na amitrazi. Ng'ombe akishamalizwa, kinachobaki humwagiwa punda kwa nia njema. Amitrazi husimamisha mwendo wa utumbo wa punda na farasi. Kinyesi hukwama, tumbo hujaa, na maumivu yake ni makali. Zipo dawa nyingine za kupe zinazomfaa punda, na daktari wa mifugo atazitaja kwa kuangalia uzito na hali yake. Punda asipelekwe kwenye josho la ng'ombe bila kuuliza kwanza dawa iliyomo.

Vivyo hivyo kwa sindano za ugonjwa wa malale. Diminazini, ambayo kwa ng'ombe ni ya kawaida, huwadhuru punda kwa urahisi kipimo kikikosewa. Dawa ya minyoo nayo hutolewa kwa uzito. Kuigawa nusu chupa kwa makisio kunaacha minyoo hai iliyozoea dawa. Anayedunga sindano awe mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na mfugaji ana haki ya kuuliza cheti kabla ya kulipa.

Kwato, meno, vidonda

Kwato zikatwe na anayejua kila baada ya wiki 6 hadi 10, na zisafishwe kila jioni kwa kijiti butu. Meno ya punda huota maisha yake yote na kusagika visivyo sawa. Anayedondosha mabonge ya nyasi yaliyotafunwa nusu, au anayekonda huku chakula kipo, achunguzwe kinywa na daktari.

Vidonda vingi vya punda wa Kimilili vinatoka kwenye vifaa vya kazi. Kamba ya nailoni kifuani, mshipi uliokatwa kwenye tairi, waya uliounganisha hatamu iliyokatika. Mshipi uwe mpana, uwekewe kitambaa au ngozi laini, na mzigo wa mkokoteni ulaliane sawa juu ya ekseli ili usimnyanyue wala kumkandamiza. Anayebeba mgongoni asizidishiwe theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50 kwa punda wa kilo 150. Kwenye miinuko ya kuelekea Mlima Elgon, hata hicho ni kingi. Punda mwenye mimba hubeba kwa takribani mwaka mzima, na miezi mitatu ya mwisho apumzishwe mizigo.

Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kidogo cha chumvi kwa kila nusu lita. Mafuta machafu ya injini na maji ya betri hayaponyi chochote. Kidonda kirefu au cha msumari kinahitaji chanjo au sindano ya kuzuia pepopunda. Ugonjwa huo unaitwa hivyo kwa Kiswahili, na wanyama wa jamii ya punda na farasi kweli ni miongoni mwa wanaoathirika nao upesi sana.

Ikumbukwe pia kwamba punda huficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaagaa na kupiga teke tumbo lake. Punda husimama tu, ameinamisha kichwa, kimya. Watu husema amekuwa mkaidi, kisha fimbo inafuata.

Sheria na ofisi

Kumfanyisha kazi mnyama mgonjwa au mwenye vidonda, kumzidishia mzigo na kumpiga kikatili ni makosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia serikali za kaunti udhibiti wa magonjwa ya mifugo na ustawi wa wanyama. Kwa hiyo mfugaji wa Kimilili mwenye punda mgonjwa ana haki ya kufika kwenye ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo sawa na mwenye ng'ombe wa gredi, na asione haya kwamba amekuja "kwa ajili ya punda tu".

Kumpata punda mwingine si rahisi kama zamani. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilipata takribani milioni 1.2. Katika miaka hiyo machinjio yalifunguliwa kwa ajili ya ngozi, ambayo China hutengenezewa dawa ya asili iitwayo ejiao, na wizi wa punda ukaongezeka. Wizara ya Kilimo ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, Mahakama Kuu ikabatilisha amri hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Kwa kijana anayelipa karo ya wadogo zake kwa mkokoteni mmoja, punda akifa kazi imekwisha.

Anayempigia simu afisa wa mifugo aeleze punda alikula nini katika wiki mbili zilizopita, alinyunyiziwa au kudungwa dawa gani, lini alikunya mara ya mwisho, na kama kuna mbwa asiyejulikana aliyeonekana bomani. Chupa au gunia la chakula lisitupwe. Lebo yake humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Punda akifa ghafla, hasa damu ikitoka puani au sehemu ya haja, asichunwe, asipasuliwe na nyama isigawiwe mbwa, kwani huenda ni kimeta, ambacho huwapata na watu. Mzoga ufunikwe, watu na mifugo waondolewe karibu, na afisa aelekeze jinsi na mahali pa kuuzika.