Kine ao radio? Kwa mafinalisti wa Butembo na Beni wanaotaka kusomea afya bila kupita udaktari

Tangu matokeo ya Egzetat yatoke, ujumbe ni ule ule kila siku: "Mukubwa, niko na diplome ya biokemia, papa anataka nisome udaktari lakini feza haitafika mwisho. Kine ni kitu gani? Na radio je?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo ninawajibu wote hapa. Mimi ni kine, nilimaliza na ninafanya kazi, ndiyo maana upande wa kine nitakaa sana. Radio ninaijua kwa sababu picha zao ndizo ninazotumia kila asubuhi.

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu, ukisema unasomea kine, mama mkubwa anauliza: "Ni ile ya kukandakanda watu?" Ndiyo, mikono inatumika. Lakini kukanda ni sehemu ndogo kabisa. Kine ni mtu anayesomea namna mwili unavyosonga, kisha anamrudishia mgonjwa ule mwendo wakati ajali, risasi, ugonjwa ao uzee umeuondoa.

Chukua mfano ambao kila hospitali ya kwetu inaujua. Kijana wa taksi-moto ameanguka na kuvunjika mfupa wa paja. Mguu unavutwa kwa kizito kitandani wiki nyingi. Mwisho wake radio inaonyesha mfupa umeshika vizuri, munganga anaridhika, familia inalipa na kurudi nyumbani. Lakini goti linakunja digri 30 tu, na paja limekonda sawa mkono wa mtoto. Mfupa umepona, mtu hajapona. Ili akae vizuri kwenye kiti anahitaji karibu digri 90. Ili achuchumae kwenye choo cha shimo, kama vyoo vingi vya kwetu, anahitaji zaidi ya hapo sana. (Vitabu vyetu vingi vimeandikwa Ulaya, fasi ambapo watu wanakaa juu ya choo. Usipokuwa makini utamwambia mgonjwa wa Lubero kwamba amepona, na yeye hawezi hata kujisaidia peke yake.)

Kama kine angekuja siku za kwanza, angemfundisha pale pale kitandani kukaza paja bila kusongesha mguu, kupiga kifundo juu na chini ili damu isilale, na yeye mwenyewe angesongesha kile kifupa cha juu ya goti ili kisigande. Hakuna mashine hapo, ni ujuzi na uvumilivu. Nguvu ya msuli tunaipima kutoka 0 hadi 5: 0 hakuna hata mtikisiko, 3 mgonjwa anainua mguu dhidi ya uzito wake mwenyewe, 5 ni nguvu kamili. Kukunja goti tunapima kwa kifaa cha digri, sawa na rapoteri ya shuleni yenye mikono miwili. Hizo namba unaziandika kila wiki, na ndizo zinakuambia kama kazi yako inafaa kitu ao unapoteza muda wa watu.

Sasa, kwa nini ninasema Butembo na Beni zinahitaji hawa watu kuliko fasi nyingi? Tangu Oktoba 2014 mauaji ya eneo la Beni hayajaacha kutuletea watu waliokatwa kwa panga na kupigwa risasi. Mikono yenye mishipa ya fahamu iliyokatika, miguu iliyokatwa. Mtu aliyekatwa mguu, kama familia inamuwekea mto chini ya kile kipande ili apumzike, ni upendo, lakini nyonga ao goti vinaganda vikiwa vimekunjwa, na siku mguu wa bandia unapatikana hauwezi kuvaliwa. Jambo dogo sawa hilo, mto tu, linaweza kuamua kama mtu atatembea tena. Kisha ikaja Ebola, kutoka Agosti 2018 hadi Juni 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200, wengi wao Beni, Mangina, Katwa na Butembo. Waliopona wengi walibaki na maumivu ya viungo na uchovu usioisha, na mtu wa maumivu ya viungo ni mtu wa kine. Ongeza wazee waliopooza upande mmoja kwa sababu ya presha, watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda, mama wanaobeba mzigo wa mihogo kwa ukanda wa kwenye paji la uso tangu wakiwa na miaka 10. Kazi iko. Feza ya kulipa ile kazi, hiyo ni mambo mengine, nitafika huko.

Radio ni dunia nyingine. Anayependa kushika mgonjwa na kukaa naye miezi aje kwetu. Anayependa fizika, mashine na kazi ya dakika kumi iliyofanywa bila kosa, aende radio. Watu wanazani kazi ni kubonyeza kifungo. Hapana. Mfupa uliovunjika unaweza kuonekana mzima kabisa ukipigwa kutoka mbele tu, kwa hiyo unapiga mara mbili, mbele na pembeni. Mfupa mrefu unaupiga pamoja na kiungo cha juu yake na kiungo cha chini yake. Alama ya kushoto na kulia unaiweka wewe, na ukiikosea, munganga anaweza kupasua upande mzima. Mwanamke wa umri wa kuzaa unamuuliza kama ana mimba mbele ya kumlaza, bila haya.

Na kuna ile miali yenyewe, ambayo haionekani, hainuki, haiumi. Ulinzi wake ni mambo matatu: kaa muda mfupi, kaa mbali, weka kizuizi cha risasi (ninasema ile metali, si ya bunduki) kati yako na mashine. Umbali una hesabu yake: ukitoka mita 1 ukasimama mita 2, unachopokea hakipungui nusu, kinapungua mpaka robo. Anayefanya kazi hiyo anapaswa kuvaa kile kidude kidogo kifuani kinachopima miali anayopokea mwezi kwa mwezi. Ukifika staji ukute hakuna anayekivaa, uliza. Ni mwili wako.

Umeme nao ni somo. Mashine ya radio inavuta nguvu kubwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kama jenereta ni dhaifu, unalazimika kurefusha muda wa kupiga, mgonjwa anapumua, picha inatoka na ukungu, unarudia, miali inaongezeka. Ndiyo maana ninawaambia: fizika ya mwaka wa kwanza si ya kupita tu.

Jambo moja linalowachanganya wengi: fundi wa radio na radiologi si mtu mmoja. Wa kwanza anatengeneza picha. Wa pili ni munganga aliyeongeza masomo, ndiye anaandika na kusaini maana yake. Ukitaka kusaini, njia yako ni udaktari. Usije ukakasirika mwaka wa tatu.

Tuje kwa masomo yenyewe. Zamani tulikuwa na graduwa ya miaka 3 (watu wanasema A1) kisha lisansi ya miaka 2 (A0). Sasa nchi imeingia LMD: lisansi ni miaka 3, semesta 6, kredi 180, kisha masta ya miaka 2. Anatomia inakula mwaka wa kwanza wote. Utajifunza mifupa 206 na misuli kwa majina ya Kifaransa, kila msuli unaanzia wapi, unaishia wapi, mshipa gani unauamuru. Wanaoanguka mwaka wa kwanza, wengi wanaangukia hapo, si kwa ujinga, ni kwa sababu walizoea kukariri usiku mmoja mbele ya intero. Anatomia haikubali usiku mmoja. Mimi na wenzangu tulichora kwa makala kwenye miguu yetu wenyewe, tukiwa na kaptula, majirani wakizani tumerogwa.

Kuna kitu kilinikata moyo, na sitataja shule. Somo la matibabu kwa umeme tulilifanya ubaoni tu, tokea mwanzo mpaka egzamini. Mashine ilikuwapo, mpya, ndani ya kabati yenye kufuli, na mwenye ufunguo hakuonekana hata siku moja. Niliishika mara ya kwanza nikiwa tayari na diplome. Kwa hiyo, mbele ya kulipa minervali, usiulize shule iko na majengo gani. Uliza mambo haya: arete ya Waziri wa ESU inayofungua ile filiera yenyewe, si shule kwa ujumla, iko wapi? Staji inafanyika hospitali gani, na pale kuna kine ao fundi wa radio wa kweli wa kukufuata, ao utawekwa na wauguzi kupima joto? Mashine inafanya kazi leo? Kisha tafuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, umnunulie chai, umuulize jumla ya yote aliyolipa: minervali, staji, bluzi, kuchapisha kazi ya mwisho, safari. Bei ya kwenye valvu si bei ya kweli.

Kwetu si jangwa la elimu. Butembo iko na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989, na ISTM yake. Beni ilipokea shule ya uuguzi ya Nyankunde baada ya ile hospitali kushambuliwa Septemba 2002. Lakini afya kwa ujumla si kine, na kine si radio. Filiera hizi mbili wengi walizifuata Kinshasa ao Goma. Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na barabara ya kwenda huko si ya kumtuma mtoto kwa urahisi.

Wengine wanapita Kasindi waende Uganda. Chuo cha Mbarara kinafundisha fizioterapia, Makerere inafundisha radiografia. Kiingereza ni lazima, na mwaka wa kwanza utalia. Fikirieni pia jambo hili: shirikisho la dunia la fizioterapia linapendekeza angalau miaka 4 ya chuo kikuu. Lisansi yetu ya miaka 3, bila masta, inaweza kukusumbua siku ukitaka kufanya kazi ngambo. Kule Uganda kuna baraza linaloandikisha wataalamu hawa, na bila jina lako humo hugusi mgonjwa. Anayesoma kule na kurudi Kongo naye atahitaji diplome yake itambuliwe na Kinshasa, kwa hiyo hifadhi kila karatasi, hata matokeo ya semesta.

Kuhusu feza niseme wazi. Hospitali nyingi za serikali hazitakulipa mshahara wa kutosha mwaka wa kwanza, wengine watakupa primu tu. Kine iko na faida moja juu ya radio: ukiwa na meza, mkeka, mpira na mikono yako unaweza kumfuata mgonjwa nyumbani. Fundi wa radio bila mashine ya mtu mwingine ni mtu anayesubiri. Lakini pale mashine iko, wanaoijua ni wachache, na hawafukuzwi ovyo. Mashirika yanayosaidia majeruhi nayo yanatafuta makine, hasa anayejua kuandika ripoti safi na kusema Kinande, Kiswahili na Kifaransa.

Na kwa dada zangu wanaouliza kama mwili mdogo unaweza kazi ya kine: mgonjwa haubebwi kwa mgongo. Unakunja magoti, unamleta karibu na tumbo lako, unahesabu naye moja, mbili, tatu, mnasimama pamoja. Aliyenifundisha kumsimamisha mzee wa kilo 90 alikuwa mama ambaye nilimpita kwa kichwa kizima.