Mdharau Mwiba: Jeraha Dogo Lisigeuke Kidonda



Ukipita Buguruni asubuhi, kuanzia Rozana hadi sokoni na kuteremka Mnyamani, utaona watu wanavyotafuta riziki kwa mikono na miguu yao. Wabeba mizigo wanashusha matenga ya machungwa, mama lishe wanamenya viazi, mafundi wanakata mabati, na watoto wanacheza pekupeku. Kukwaruzwa na kujikata ni jambo la kila siku. Tatizo ni yale tunayofanya baada ya hapo.

Katika mafunzo yetu ya huduma ya kwanza huwa tunauliza: "Ukijikata, unaweka nini?" Majibu huja haraka: dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, unga wa betri, unga wa kapsuli za tetrasaiklini. Ni wachache wanaotaja maji na sabuni. Hatimaye tumegundua kwamba swali letu lenyewe lilikuwa na kasoro. Jambo la kwanza kujiuliza si "niweke nini?" bali "nitoe nini?" Mwili una uwezo wa kujiponya, lakini hauwezi kufanya kazi hiyo vizuri kama mchanga, vumbi na wadudu wa magonjwa wamebaki ndani.

Kijana mmoja mbeba mizigo alichomwa mguuni na msumari wa tenga. Alifungua kapsuli, akanyunyizia unga na kuendelea na kazi. Juu palikauka vizuri, lakini chini ya ule ukoko usaha ulikuwa unajikusanya. Alipofika kwa mganga mguu ulikuwa umevimba hadi kifundoni, akakaa nyumbani wiki tatu. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, wiki tatu bila kazi ni wiki tatu za kukopa dukani.

Hatua za kufuata

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa jeraha.

2. Kama damu inatoka, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo. Usifunue kila mara kuchungulia, kwani utaondoa damu inayoanza kuganda.

3. Osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika kadhaa. Maji yanayofaa kunywa yanafaa kuoshea jeraha. Kama huna bomba, mimina kwa kikombe au toboa kifuniko cha chupa. Maji ya kisima ni vema yachemshwe na kuachwa yapoe. Sabuni ya kawaida itumike kwenye ngozi inayozunguka jeraha.

4. Mchanga ukibaki, utoe taratibu kwa kitambaa safi kilicholowa.

5. Paka vaselini kidogo kutoka kwenye kopo safi, kisha funika kwa plasta, bandeji au kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi. Pamba yenyewe usiibandike moja kwa moja, kwa sababu nyuzi zake hunasa.

6. Badilisha kila siku, na kila mara kitambaa kinapolowa au kuchafuka.

Wengi husema jeraha liachwe wazi "lipate hewa." Ukweli ni kwamba jeraha lililofunikwa na lenye unyevu kidogo hupona vizuri zaidi kuliko lililokauka na kupasuka. Isitoshe, katika mitaa yetu hewa hiyo huja na vumbi na nzi. Wakati wa mvua, hasa kwa wanaoishi mabondeni karibu na Mto Msimbazi, mafuriko huchanganyika na maji ya vyoo. Mwenye jeraha mguuni asiyakanyage; ikimlazimu, avae buti na aoshe jeraha upya mara afikapo nyumbani.

Mambo ya kuepuka

Majivu na udongo vinaweza kubeba vimelea. Unga wa betri ni sumu, na mafuta ya taa huunguza nyama. Unga wa kapsuli umetengenezwa kwa ajili ya kumezwa kwa maelekezo ya mganga. Ukiutumia ovyo unafunika uchafu, na pia unasaidia kuwazoesha bakteria dawa.

Nasi tukiri kosa letu. Kwa miaka kadhaa tulifundisha kumimina spiriti ndani ya jeraha, tukiamini kwamba inayowasha ndiyo inayotibu. Spiriti huumiza pia chembe hai zinazojenga ngozi mpya. Ibaki kwa kusafishia mkasi.

Wakati wa kwenda kwa mganga

Usikae nyumbani kama damu haikomi baada ya kukandamiza, kama jeraha ni refu kwenda ndani au limeachama, au kama kuna kitu kimenasa. Nenda pia ukiona uvimbe, joto, usaha, harufu, maumivu yanayozidi au homa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo gusa kwa mgongo wa mkono uone kama pana joto. Mwenye kisukari asisubiri hata kama jeraha la mguu haliumi. Aliyeumwa na mbwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende siku hiyohiyo kupata chanjo ya kichaa cha mbwa.

Pepopunda ihofiwe zaidi. Vimelea vyake hukaa katika udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, si kwenye kutu peke yake, na hupenda matundu membamba yasiyofikiwa na hewa. Dalili, kama taya kukaza, huweza kuanza siku 3 hadi 21 baada ya kuumia. Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na akina mama huchanjwa wakiwa wajawazito. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kutokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Lakini akina baba na vijana wa kiume, ambao ndio wengi kwenye mizigo na mabati, hawaendi kliniki ya wajawazito. Wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni. Ukichomwa na msumari, nenda Kituo cha Afya Buguruni au Hospitali ya Amana uulizie sindano ya pepopunda.

Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Tunaomba kila nyumba itenge kipande cha sabuni, chupa ya maji safi, vitambaa viwili vilivyopigwa pasi na plasta chache. Na baba wa nyumba ajiulize leo: mara ya mwisho nilichanjwa lini?